Chambo

Msomaji mmoja aishiye Uingereza, ambaye amenuia, atakapokuja kuwazuru jamaa zake Dadamu, karibu na mji wa Arua, kuteremka hadi Pakwach akawavue sangara wa mto Naili kwa ndoana iliyovishwa manyoya na uzi, ameniuliza kama pambo hilo lisiloliwa lastahiki kuitwa chambo, au aliite nzi kama wasemavyo Waingereza. Naam, lastahiki, kwani lugha yetu humwita chambo hata binadamu atangulizwaye ili kumnasa mwizi, naye haliwi. (Malawi, ajabu ya lugha, chambo ni samaki mwenyewe.) Ama nzi, hapana: sangara hula samaki wenziwe. Na aseme chambo cha manyoya.