Likizo ya maigizo Kampala: Mwongozo kwa msemaji wa Kiswahili wa Makindye

Shule zinapofungwa mwezi Desemba, mabango ya michezo ya kuigiza huongezeka mjini Kampala. Kwa familia za Makindye zinazozungumza Kiswahili nyumbani, mabango hayo huzua swali ambalo jirani yao Mganda hana haja ya kujiuliza: tukishalipa kiingilio na nauli, tutaelewa kinachosemwa jukwaani?

Makindye ni mojawapo ya divisheni tano za Jiji la Kampala, na Kiswahili kina mizizi yake humo. Kimezoeleka katika kambi ya polisi ya Nsambya na kambi ya jeshi ya Makindye, kwa kuwa ndiyo lugha ya siku nyingi ya vyombo vya ulinzi nchini Uganda. Kinasikika pia Katwe, Nsambya na Kabalagala, ambako wamehamia watu wengi kutoka mashariki ya Kongo. Hata hivyo, majukwaa ya jiji huzungumza zaidi Kiluganda na Kiingereza.

Makala haya yanaeleza kumbi zilipo, majira ya maonyesho, na namna ya kuchagua mchezo ambao familia itautazama hadi mwisho bila kujuta.

Kumbi za kuanzia

Ukumbi wa kwanza kufahamika ni ule wa taifa, ambao madereva wa teksi na bodaboda wanaujua kwa jina la National Theatre. Uko barabara ya De Winton, karibu na majengo ya Bunge, na ulifunguliwa Desemba 1959. Unasimamiwa na Kituo cha Utamaduni cha Taifa cha Uganda, shirika la umma lililoundwa kwa sheria ya mwaka huohuo. Anayetoka Makindye au Kabalagala hupanda teksi hadi katikati ya jiji, kisha akamalizia safari kwa miguu au kwa bodaboda.

Ukumbi huo una historia ambayo mtazamaji hufaidika kuijua kabla ya kuketi. Novemba 1962, mwezi mmoja baada ya uhuru wa Uganda, wanafunzi wa Makerere walionyesha hapo The Black Hermit, tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyekuwa akisoma chuoni hapo. Okot p'Bitek, mtunzi wa Song of Lawino, alikuwa mkurugenzi wa kituo hicho katika miaka ya 1960. Byron Kawadwa, mtunzi wa Oluyimba lwa Wankoko, naye aliwahi kuuongoza ukumbi huo. Mwaka 1977, baada ya kurudi kutoka tamasha la FESTAC mjini Lagos, alikamatwa na kuuawa chini ya utawala wa Idi Amin. Katika jiji hili, mchezo wa kuigiza umewahi kugharimu uhai wa mtunzi wake.

Kituo cha pili ni Ndere, kilichopo upande wa Ntinda na Kisaasi, kaskazini-mashariki mwa jiji. Kikundi cha Ndere kilianzishwa mwaka 1984 na Stephen Rwangyezi, na jina lake linatokana na endere, yaani filimbi. Hapo huchezwa ngoma za makabila mbalimbali ya Uganda, kuanzia Bakisimba ya Buganda na Ekitaguriro ya Ankole hadi Bwola ya Waacholi na Agwara ya West Nile. Maonyesho yanayojulikana zaidi ni yale ya Jumapili jioni. Kwa mkaazi wa Makindye, safari hiyo ni ya kuvuka jiji zima, kwa hiyo ipangiwe muda wa kutosha.

Ndani ya Makindye kwenyewe kuna kituo cha sanaa cha 32° East, Kabalagala. Kazi yake kubwa ni sanaa za uchoraji, uchongaji na mfano wa hizo, lakini anayetafuta mambo ya kuona karibu na nyumbani wakati wa likizo hapotezi kitu kuuliza ratiba yake. Vikundi vidogo navyo hutumia kumbi za hoteli, shule na makanisa, na habari zake mara nyingi hupatikana redioni na kwenye mabango ya mtaani.

Majira ya maonyesho

Likizo za shule nchini Uganda ni tatu: ya Mei, ya mwishoni mwa Agosti hadi Septemba, na ile ndefu ya Desemba na Januari. Vikundi vya maigizo vya Kiluganda hupenda kuzindua michezo mipya siku za sikukuu, hasa Krismasi, tarehe 26 Desemba, Pasaka na Idi. Siku hizo uchaguzi ni mpana, ila kumbi hujaa na nauli hupanda.

Anayependa tamthilia nzito zaidi hana budi kuutazama mwezi wa Novemba. Tamasha la Kimataifa la Maigizo la Kampala lilianza mwaka 2014 kwa ushirikiano wa wakfu wa Bayimba na taasisi ya Sundance ya Marekani, na mwandishi wa tamthilia Asiimwe Deborah Kawe ni miongoni mwa viongozi wake. Tamasha hilo hukusanya kwa siku chache kazi kutoka Afrika Mashariki na kwingineko. Kwa kuwa huweza kuangukia kabla shule hazijafungwa, wazazi wengi hulihudhuria mwishoni mwa juma au wanalipangia likizo yao ya kazini.

Lugha kwanza, jina la mchezo baadaye

Kosa la kawaida ni kuchagua mchezo kwa umaarufu wa mwigizaji kisha kugundua ukumbini kwamba utani wote uko katika methali za Kiluganda. Katika kibanda cha video, VJ hutafsiri filamu papo hapo na watazamaji wakacheka pamoja. Jukwaani hakuna VJ. Kwa hiyo, kabla ya kununua tiketi, inafaa kuuliza mambo matatu: mchezo ni wa lugha gani, una muziki na ngoma kiasi gani, na kama kuna muhtasari wa hadithi unaoweza kusomwa mapema.

Majibu ya maswali hayo huyagawa maonyesho katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni la ngoma na muziki, kama ya Ndere. Asiyejua lugha hata moja ya nyimbo hizo bado ataona mavuno, harusi, uchumba na vita vikisimuliwa kwa miguu na mabega. Hili ndilo kundi salama zaidi kwa familia yenye watoto wadogo au mgeni aliyewasili Kampala karibuni.

Kundi la pili ni tamthilia za Kiingereza, zikiwemo nyingi za tamasha la Novemba. Hizi humfaa aliyesoma sekondari Uganda, Kenya au Tanzania. Kwa aliyesoma Kongo kwa Kifaransa, zinaweza kuwa ngumu kuliko za Kiluganda alichojifunza sokoni.

Kundi la tatu ni michezo ya Kiluganda, ambayo ndiyo yenye mashabiki wengi. Asili yake ni ya miaka ya 1950, Wycliffe Kiyingi alipoanzisha chama cha wasanii wa Kiafrika na kuandika michezo ya jukwaani na ya redio. Baadaye vikaja vikundi kama Ebonies, Bakayimbira na Afri-Talent. Mchezo wa Bakayimbira uitwao Ndiwulira, wa mwanzoni mwa miaka ya 1990, ulizungumzia UKIMWI wakati familia nyingi zilikuwa zikizika watu wao bila kutaja ugonjwa. Michezo ya aina hii huchanganya kicheko na msiba, nyimbo na mazungumzo marefu, na inaweza kuchukua saa tatu.

Je, msemaji wa Kiswahili aikwepe? Si lazima. Kiluganda na Kiswahili zote ni lugha za Kibantu, na maneno kadhaa hufanana. Isitoshe, mtu anayejua hadithi mapema huelewa zaidi ya anavyotarajia. Mwaka 2012 jumba la Globe mjini London lilionyesha tamthilia 37 za Shakespeare kwa lugha 37, na watazamaji walipewa muhtasari mfupi tu wa kila onyesho kwa Kiingereza. Miongoni mwao ilikuwapo The Merry Wives of Windsor kwa Kiswahili, iliyoigizwa na wasanii wa Kenya. Wazungumzaji wa Kiingereza waliketi wakafuata mchezo kwa lugha wasiyoijua, na kilichowafaa wao huweza kumfaa mama wa Katwe anayetazama mchezo wa Kiluganda pamoja na mwanawe aliyekisoma shuleni. Mtoto anaweza kumsimulia mamaye hadithi kabla ya kuondoka nyumbani, na hapo kijana anakuwa mwenyeji wa mzazi wake.

Hesabu ya jioni moja

Viingilio hutofautiana kwa ukumbi, kwa siku na kwa daraja la kiti. Baadhi ya maeneo huwa na bei tofauti kwa raia na kwa wageni, na mtu mwenye kitambulisho cha mkimbizi anapaswa kuuliza mapema anahesabiwa upande gani, ili asiaibike langoni mbele ya watoto.

Mfano ufuatao ni wa kuonyesha njia ya kukokotoa tu, wala si bei rasmi. Tuseme familia ya watu watano inakabiliwa na kiingilio cha shilingi 20,000 kwa kila mtu. Hiyo ni shilingi 100,000. Nauli ya kwenda, kwa shilingi 2,000 kila mmoja, ni 10,000. Gari la kukodi la kurudi usiku ni 30,000, na vitafunio na maji ni 20,000. Jumla inafika 160,000, na zaidi ya theluthi moja ya fedha hizo haihusiani na tiketi.

Kutokana na hesabu hiyo, onyesho la mchana mara nyingi huwa nafuu kuliko la usiku hata kama kiingilio ni kilekile, kwa sababu familia hurudi kwa teksi za kawaida. Pia ni jambo la busara kwa mtu mzima mmoja kupiga simu ukumbini siku ileile na kuthibitisha saa ya kuanza. Maonyesho ya Kampala huweza kuchelewa, na anayetegemea teksi za mwisho kuelekea Lukuli au Ggaba anahitaji kujua pazia litafungwa saa ngapi.

Bajeti ikiruhusu onyesho moja tu, lichaguliwe la ngoma. Yakiwezekana mawili, la pili liwe la Kiluganda lenye nyimbo. Yakiwa matatu, la tatu liwe tamthilia ya mazungumzo kwa lugha ambayo watu wazima wa nyumba hiyo wanaielewa vizuri. Mpangilio huo huwazoesha watoto kukaa ukumbini kabla ya kukutana na mchezo unaohitaji usikivu mkubwa.

Jambo la umri na la kibali

Mabango hayaelezi kila mara kama mchezo unafaa watoto. Tamthilia nyingi nzuri za Uganda zinahusu vita, ukatili na maradhi. Silent Voices ya Judith Adong, iliyoonyeshwa National Theatre mwaka 2012, ilizungumzia walioathiriwa na vita vya kaskazini. Kwa mtu aliyekimbia mapigano huko Kivu au Ituri, mchezo kama huo unaweza kuwa faraja au kufungua kidonda. Ni vyema kujua mada kabla ya kuingia na kumwachia kila mmoja uhuru wa kukataa.

Maonyesho pia huweza kusimamishwa na mamlaka. Mwaka 2012 Baraza la Vyombo vya Habari lilitaka tamthilia The River and the Mountain, iliyomhusu mfanyabiashara shoga, isionyeshwe kabla ya kupata idhini. Ilipoonyeshwa katika kumbi ndogo za Kampala, mtayarishaji wake Mwingereza, David Cecil, alikamatwa. Kesi ilitupiliwa mbali Januari 2013, na mwezi uliofuata akafukuzwa nchini. Tiketi ya mchezo wenye mada inayobishaniwa inunuliwe kwa kujua kwamba ratiba inaweza kubadilika.

Kiswahili kiliwahi kupanda jukwaani

Msemaji wa Kiswahili anayeuliza lini ataona mchezo kwa lugha yake haombi jambo geni. Mwaka 1965 wanafunzi wa Makerere, wakiwa na mhadhiri wao David Cook, walianzisha jukwaa la kusafiri lililotoa maonyesho ya bure mijini na vijijini. Walitumia muda wa likizo yao, na walibeba michezo mifupi ya Kiingereza, ya lugha za Uganda na ya Kiswahili.

Sheria nayo iko upande wake. Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda, na mwezi Julai 2022 baraza la mawaziri liliidhinisha hatua za kukitekeleza. Tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021, na mwaka 2023 Kampala ndiyo iliyokuwa mwenyeji wa maadhimisho ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Anayetaka kusikia Kiswahili kikighaniwa au kuigizwa hadharani aanze kutafuta matangazo mwanzoni mwa mwezi huo.

Kwa siku ambazo hakuna onyesho, tamthilia zipo vitabuni. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969, inasimulia vita vya Majimaji, na Julius Nyerere alitafsiri Shakespeare mara mbili, akianza na Julius Caesar mwaka 1963. Anayesoma Kiingereza anaweza kuongeza Thirty Years of Bananas ya Alex Mukulu, ambamo historia ya Uganda huru inatazamwa kwa macho ya mkimbizi kutoka Rwanda. Familia inaweza kugawana sehemu na kusoma kwa sauti sebuleni. Kundi la majirani wa Nsambya au Kabalagala likifanya hivyo kwa wiki mbili, litakuwa tayari na mchezo wa kuupeleka kwenye ukumbi wa shule likizo ijayo.