Jina la nne juu ya jiwe: romani ya mapenzi inayofundisha vita

Wandugu wasomi, mukisikia "romani ya mapenzi" wengi munacheka. Historia, munasema, iko katika mikataba, katika majina ya wajenerali na katika makaratasi ya leta. Leo ninataka tuongee juu ya romani moja iliyofanya kazi ambayo leta yenyewe ilichelewa kuifanya kwa miaka 74.

Kitabu kinaitwa Sunset Song. Kilitoka mwaka wa 1932, na aliyekiandika ni Lewis Grassic Gibbon. Jina lake la kweli ni James Leslie Mitchell, mtoto wa mkulima, aliyezaliwa 1901 na kukomea Arbuthnott, katika eneo linaloitwa Mearns, kaskazini-mashariki ya Uskoti, ile inchi tuliyofundishwa kuiita Écosse. Alikufa 1935, akiwa na miaka 33 tu.

Hadithi inafuata binti mmoja, Chris Guthrie, na jamaa yake. Wanalima shamba la kupanga, Blawearie, katika kijiji cha Kinraddie ambacho mwandishi alikitunga. Udongo ni mgumu, baba ni mkali, mama amechoka kuzaa. Siku mama anajua kwamba ana mimba tena, anakunywa sumu na kuwapa pia mapacha wake wadogo. Kaka anakimbilia Argentina. Baba naye anakufa, na Chris anabaki peke yake na shamba.

Hapa kuna jambo linalotugusa sisi. Chris ni mwenye akili na alikuwa anasomea ualimu. Ndani yake wako Chris wawili. Mmoja anapenda vitabu na Kiingereza cha shule. Mwingine anapenda udongo na lugha ya nyumbani, Kiskoti. Aliyesoma Kifaransa darasani na kurudi jioni kuongea Kiswahili na mama yake jikoni anaelewa bila kufasiriwa. Chris anachagua udongo. Anaolewa na Ewan Tavendale, kijana mfanyakazi wa shamba, wanazaa mtoto mwanaume, na kwa muda mfupi wanafurahi kabisa.

Kisha vita ya 1914 inafika. Kitabu hakituonyeshi majenerali. Kinabaki kijijini na kuangalia vita inafanya kitu gani pale. Bei ya mazao inapanda, na wakulima wengine wanatajirika huku vijana wa jirani wanakufa. Msitu unaokinga mashamba na upepo unakatwa na kuuzwa. Chae Strachan, mkulima aliyejitolea kuwa askari, anarudi likizo na kukuta mahali pa miti ni visiki vitupu, anakasirika sana. Na hiyo haikutungwa: nyambizi za Wajerumani zilizuia meli za mbao, njo Uingereza ikakata misitu yake kwa haraka. Mwaka wa 1919 ikabidi iunde idara ya leta ya kupanda miti upya.

Rob, mwenye kinu cha kusaga, anakataa kabisa kupigana. Anafungwa, anagoma kula, wanamwachilia. Ewan naye anachoka kusikia majirani wakimwita mwoga, anaenda kujiandikisha. Akirudi likizo, amekuwa mtu mwingine: mlevi, mkatili kwa mke wake. Anaondoka tena bila Chris kumuaga.

Baadaye habari inafika kwamba Ewan amekufa Ufaransa. Chae njo anamletea Chris ukweli. Ewan hakuuawa na Wajerumani. Asubuhi moja alikumbuka Blawearie na mke wake, akageuka, akaanza kutembea kurudi nyumbani. Wakamkamata, wakamhukumu kama mtoro, wakampiga risasi. Wenzake wa jeshi moja.

Mambo hayo yalitokea kweli, tena mara nyingi. Katika ile vita jeshi la Uingereza liliwapiga risasi watu wake zaidi ya 300, juu ya utoro, woga na makosa mengine ya kijeshi. Kati yao walikuwamo vijana waliochoka akili kwa mizinga. Msamaha ulikuja kwa sheria ya 2006, kwa watu 306. Kwa muda mrefu majina yao hayakuandikwa kwenye makaburi mengi ya kumbukumbu ya vijiji vyao, na jamaa zao zilibeba aibu kimya kimya.

Sasa tazameni mwisho wa romani. Vita imeisha. Rob, ambaye mwishowe alikubali kwenda, amekufa. Chae pia amekufa. Mchungaji mpya anakusanya watu kwenye mawe ya kale karibu na ziwa la Blawearie. Juu ya jiwe moja yamechongwa majina manne: Charles Strachan, James Leslie, Robert Duncan, Ewan Tavendale. Yule aliyepigwa risasi kama mtoro amewekwa pamoja na wengine, bila alama, bila maelezo. Mchungaji anawaita watu wa udongo, wa mwisho wa aina yao, juu mashamba madogo yanamezwa na makubwa.

Romani iliandika jina hilo mwaka wa 1932. Leta ilifika mwaka wa 2006.

Sisemi tuache makaratasi ya leta. Bila hayo hatungejua hesabu ya 306. Lakini karatasi ya hukumu inaandika "mtoro" na kufunga jalada. Haiulizi alikuwa anaenda wapi. Gibbon aliuliza, na jibu lake ni kwamba alikuwa anaenda kwa mke wake. Ndiyo maana mapenzi katika kitabu hiki si mapambo: ukiyaondoa, hautaelewa kwa nini mtu yule aligeuka.

Wanafunzi wa historia munaotafuta mada ya kazi ya mwisho, muliza wazee mashairi, nyimbo na hadithi pia, si tarehe tu. Na wewe unayesoma hapa: katika kijiji cha kwenu, ni jina la nani ambalo watu wanalitaja kwa sauti ya chini, na nani ataliandika?