Faili Lifunguke kwa Kila Mtu: Historia Fupi ya PDF na ODF

Makatibu wa vikundi huniuliza kwa nini ratiba za mafunzo nazituma kwa PDF, na kwa nini nasisitiza daftari la wanachama lisifungwe ndani ya programu moja. Jibu lake lina historia, na ni vizuri tuijue.

Miaka ya 1980 na 1990 kila kampuni ya programu ilikuwa na namna yake ya kuandika mafaili. Barua iliyoandikwa kwa WordPerfect ilisumbua kufunguka kwa Microsoft Word, na kinyume chake. Siri ya jinsi faili lilivyopangwa ndani mara nyingi ilibaki kwa kampuni. Kwa hiyo mwenye barua alitegemea programu ileile kuisoma barua yake mwenyewe.

Mwaka 1993 kampuni ya Adobe ilileta PDF, ili ukurasa uonekane vilevile kwenye kompyuta yoyote. Mwaka 2008 PDF ikawa kiwango cha shirika la viwango la kimataifa, ISO. Lakini PDF ni ya kusoma na kuchapa. Ukitaka kuongeza jina kwenye orodha, inakusumbua.

Kwa kazi ya kuhariri, safari ilianzia Ujerumani kwenye programu ya StarOffice. Kampuni ya Sun Microsystems iliinunua mwaka 1999, na mwaka 2000 ikaachia msimbo wake kwa umma kwa jina la OpenOffice.org. Hata sisi tuna mkono wetu humo: mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa toleo la Kiswahili liitwalo Jambo OpenOffice. Muundo wa mafaili wa programu hiyo ndio uliozaa ODF, iliyopitishwa na shirika la OASIS Mei 2005 na kuwa kiwango cha ISO mwaka 2006. Maelezo yake yako wazi, na yeyote anaweza kutengeneza programu ya kuisoma.

Mvutano mkubwa ulitokea Marekani. Septemba 2005 serikali ya jimbo la Massachusetts iliamua kwamba nyaraka za ofisi zake ziwe katika miundo iliyo wazi, ODF ikiwemo. Hoja ilikuwa rahisi: kumbukumbu za umma ni mali ya wananchi, na zisomeke hata baada ya miaka mingi. Microsoft ilipinga. Watu wenye ulemavu wa macho nao walikuwa na hoja ya haki, kwa sababu vifaa vyao vya kusomea vilifanya kazi vibaya na programu za ODF za wakati ule. Mwaka 2007 jimbo liliukubali pia muundo mpya wa Microsoft, ambao ndio tunaouona kama .docx na .xlsx.

Muundo huo ulipofika ISO, mabishano yakavuka mipaka. Mwaka 2008 ulipitishwa, na Afrika Kusini, Brazil, India na Venezuela zikakata rufaa, rufaa zikakataliwa. Hata hivyo, mwaka huohuo Microsoft ilitangaza hadharani maelezo ya mafaili yake ya zamani ya .doc na .xls. Mwaka 2014 Uingereza ilichagua ODF kwa nyaraka za serikali za kuhariri pamoja, na PDF au HTML kwa za kusoma.

Funzo ni kwamba milango haikufunguka yenyewe. Ilifunguka kwa sababu wenye nyaraka walidai. Daftari la hisa na mikopo ya kikundi ni mali ya wanachama. Katibu akibadilika na faili likakataa kufunguka kwa mrithi wake, deni la mtu linaweza kugeuka ugomvi.

Basi fanya hivi:

1. Tangazo, ratiba au muhtasari uliokwisha kupitishwa: tuma PDF.
2. Hati itakayohaririwa na wengi: hifadhi kama ODT, na jedwali kama ODS. LibreOffice ni ya bure, na Word za sasa pia hufungua ODT.
3. Orodha ya majina na namba tupu: weka nakala ya CSV pia.
4. Kabla ya kutuma, muulize mpokeaji anatumia simu au kompyuta.
5. Kila mwisho wa msimu, fungua mafaili ya zamani uone kama bado yanasomeka.