Joto la laptopu na jiko la Shauri Moyo

Nilikuwa nimepotea, na wa kulaumiwa ni laptopu yangu. Ni ya mtumba, nami naishi Umoja, gorofa ya juu kabisa, chini ya mabati. Kila nikikompaili kazi ya mteja inafika nyuzi 97 kisha inajizima. Mteja alinipa hadi Ijumaa, na pesa za laptopu nyingine sina.

Nikakumbuka kuwa majirani zetu walipambana na joto kabla sijazaliwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mafundi wa jua kali wa Shauri Moyo walianza kuunda jiko la makaa lenye udongo ndani. Wazo lilitoka kwenye jiko la ndoo la Thailand, lakini hapa udongo ulibaki sehemu ya juu tu, na bati likabanwa kiunoni. Jiko la bati tupu lilimwaga joto ubavuni. Udongo ulilizuia, makaa yakadumu zaidi.

Kwenye tarakilishi historia ilikwenda kinyume: joto linatakiwa litoke. Intel ilileta Pentium 4 mwaka 2000 ikifukuzia kasi tu. Mwaka 2004 ikatupa mradi wa Tejas, na ile Pentium 4 ya gigahazi 4 pia haikutoka. Waliookoa jahazi ni watu wa Haifa waliobuni Pentium M ya mwaka 2003, prosesa ya laptopu, ambayo ndiyo mzazi wa Core ya 2006. Siri ni volteji: umeme unaoliwa hupanda kwa mraba wake. Punguza kasi kidogo, volteji ishuke, na joto litashuka kuliko kasi yenyewe.

Basi nikafungua yangu. Feni imejaa vumbi, grisi ya prosesa imekauka kama matope, na kati ya chipu ya picha na bomba la shaba kuna kipande kinene cha mpira. Yaani nilikuwa na jiko la Shauri Moyo mapajani!

Nikaenda Kamukunji na kipande cha shaba chakavu. Mzee mmoja akakigeuza geuza mkononi.

"Kijana, hii unataka ishike moto ama iupitishe?"

"Iupitishe, mzee."

"Basi lazima ikae flati."

Akaikata, akaipiga msasa. Milimita 1 hasa; ikizidi, chipu inapasuka ukikaza skrubu, kwa hivyo usikadirie kwa macho. Nikapaka grisi mpya. Kisha kwenye mipangilio ya Windows nikashusha kiwango cha juu cha prosesa kutoka asilimia 100 hadi 99. Usicheke, hiyo asilimia 1 ndiyo huzima Turbo Boost.

Sasa inafika nyuzi 79. Kukompaili kunachukua dakika 7 badala ya 6, ambazo hata hivyo sikuwahi kuzimaliza. Kazi nilituma Alhamisi usiku.

Mzee alitaka shilingi 50.