"Very" Ilipokuwa Kweli

Mwalimu akikuambia kwamba "very" maana yake ni "sana", hajakosea. Ila angefundisha hivyo Uingereza ya mwaka 1300, wanafunzi wangemshangaa. Neno lilikuwa bado geni, limetoka kwenye "verai" ya Kifaransa cha kale, nayo imetokana na "verus" ya Kilatini: kweli. Geoffrey Chaucer, mshairi aliyefariki mwaka 1400, alipomwita mtu "very" alimaanisha kwamba ni wa kweli, hana unafiki.

Kabla Wanormani kutoka Ufaransa hawajavuka bahari na kuiteka Uingereza mwaka 1066, Waingereza walikoleza usemi kwa "swithe", neno lenye asili ya nguvu. Leo limekufa. Walikuwa pia na "sore", yaani kwa uchungu, na Biblia ya Mfalme James ya mwaka 1611 bado inawaonyesha watu wakiogopa hivyo. Ndugu yake wa Kijerumani, "sehr", ndiyo "sana" ya Wajerumani mpaka sasa, maumivu yamesahaulika.

Ukweli nao uligeukaje kuwa wingi? Msemaji wa Kiswahili haoni ajabu. Tukisema chai ni tamu kweli kweli, hatutoi ushahidi mahakamani, tunakoleza. "Very" ilipita njia hiyohiyo, ikisimama mbele ya sifa nyingine hadi ikawa kiegemeo chake. Ndiyo maana mpaka leo haikai peke yake mbele ya kitenzi. "I very love my job", sentensi ninayoikuta mara nyingi kwenye barua za kuomba kazi, hainyooki. Kitenzi hutaka "very much", mara nyingi mwishoni. Wala "excellent" haihitaji "very", kama vile giza likishakuwa totoro halingoji "sana".

Neno la mkazo huchakaa kwa kutumiwa. "Awfully" na "terribly" zilibeba hofu. Kufikia karne ya 19 watu walizitumia kusifia karamu. "Literally", iliyomaanisha "bila tamathali", Charles Dickens aliitumia kwa kutia chumvi katika riwaya ya Nicholas Nickleby, iliyokamilika mwaka 1839. Henry Fowler, mtaalamu wa matumizi ya Kiingereza, aliilalamikia mwaka 1926, na mwaka 2011 kamusi kuu ya Oxford ikaiandika maana hiyo. Mimi bado naiepuka, kwa sababu msomaji akishaizoea kwenye chumvi, hataiamini siku nitakapoihitaji kwa ukweli.

"Very" ya kale, hata hivyo, haijafutika yote. Mwingereza akimwona aliyekuwa akimtafuta husema "the very man". Hapo "sana" haiingii: ni yuleyule hasa.