Mabao matatu ya Namboole: Kisenyi na hukumu ya mechi ya kwanza

Jumatatu tarehe 4 Agosti 2025, Uganda ilifungwa 3-0 na Algeria pale Namboole, katika mechi yake ya kwanza ya CHAN. Kilichouma zaidi ni majirani. Mashindano yaliandaliwa na nchi tatu, na wenzetu wawili walikuwa wameshaanza kwa ushindi: Tanzania 2-0 dhidi ya Burkina Faso, Kenya 1-0 dhidi ya Kongo. Kwa mtaa kama Kisenyi, ambao uko jirani kabisa na uwanja wa Nakivubo na ambako Kiswahili, Kisomali na Kiganda hukutana kwenye meza moja ya chai, aibu ya namna hiyo haifichiki.

Hukumu iliyofuata ilikuwa rahisi: ligi yetu ni dhaifu, tumekwisha. CHAN ni ya wachezaji wa ligi za nyumbani, kwa hiyo lawama haikuwa na profesheno wa Ulaya wa kumwangukia. Iliwaangukia vijana ambao watu wa Kisenyi huwaona wakicheza hapo hapo mjini.

Historia ilikuwa na jibu, lakini nani huifungua asubuhi ya kufungwa? Mwaka 2014 Uganda ilianza CHAN kwa kuifunga Burkina Faso 2-1, ikatoka sare na Zimbabwe, kisha ikalala 3-1 kwa Morocco na kurudi nyumbani. Januari 2023 ilikuwa vilevile: haikupoteza mechi mbili za mwanzo, ya tatu ikafungwa 3-1 na Côte d'Ivoire. Mwanzo mzuri haukutusaidia kitu. Kinyume chake, huko Ghana mwaka 1978, kikosi cha Phillip Omondi kilifungwa 3-1 na Tunisia katika mechi ya pili, kikaichapa Morocco 3-0, kikaongoza kundi kwa tofauti ya mabao na kufika fainali ya Afrika.

Sisemi kwamba kipigo cha Algeria kilikuwa bahati mbaya tu. Mabao matatu nyumbani ni mengi, na kocha asiyeyachunguza angestahili lawama. Lakini hadi mapumziko pengo lilikuwa bao 1. Mengine mawili yalikuja robo ya mwisho ya mchezo. Hilo ni kosa la kurekebisha, si ushahidi kwamba soka la nchi limekufa.

Guinea ikafungwa 3-0, Niger 2-0. Dhidi ya Afrika Kusini tulikuwa nyuma 3-1, penalti mbili za dakika za mwisho zikaleta sare ya 3-3. Uganda ikamaliza ya kwanza kwenye kundi kwa pointi 7, Algeria ya pili kwa 6. Katika kushiriki mara saba, ilikuwa mara ya kwanza kuvuka makundi.

Senegal ilitutoa robo fainali, 1-0. Tanzania na Kenya, zilizoanza kwa shangwe, zilitolewa hatua hiyo hiyo.