Papa katika Jiko na Chelezo: Historia ya Bidhaa Moja ya Pwani ya Uswahilini

Vitabu vingi vinavyoeleza biashara ya kale ya pwani ya Afrika Mashariki huhesabu pembe za ndovu, dhahabu ya Sofala iliyopitia Kilwa, karafuu za Unguja na Pemba, na watumwa waliosafirishwa kwa mateso, lakini papa hutajwa kwa nadra, na akitajwa huwa ni katika orodha ya vyakula vya watu wa chini. Hata hivyo chombo kilichobeba pembe na karafuu hizo kilipakwa mafuta yaliyotoka katika ini la papa, mabaharia wake walikula nyama ya papa iliyokaushwa, na kilipoteremka kutoka Arabuni kuja Unguja mara nyingi kilikuwa na marobota ya nyama hiyo hiyo. Kwa hiyo ni sahihi zaidi kumtazama papa si kama bidhaa moja miongoni mwa nyingi, bali kama malighafi iliyowezesha bidhaa nyingine kusafiri, nayo ilitengenezwa kwa mikono ya wavuvi, mafundi wa vyombo na wanawake wa majumbani, bila kiwanda wala mtaji mkubwa.

Sababu mojawapo ya kusahauliwa huku imo katika mwili wa samaki mwenyewe. Papa hana mifupa migumu kama ya changu au nguru, kwani kiunzi chake ni cha gegedu, yaani tishu laini kama ile iliyomo katika sikio la mwanadamu, ambayo huoza upesi ardhini. Wanaakiolojia wanaochimbua miji ya kale hubakiwa na meno na pingili chache za uti wa mgongo tu. Pamoja na uhaba huo, masalia ya samaki katika miji ya pwani yanaonyesha mabadiliko ya maana. Utafiti wa Jeffrey Fleisher na wenzake, uliochapishwa mwaka 2015, ulidai kwamba wakazi wa mwanzo wa pwani walivua zaidi samaki wa miambani na wa maji ya karibu, na kwamba ni baada ya mwaka 1000 hivi ndipo katika baadhi ya miji samaki wa maji ya kina, papa wakiwamo, walipoanza kuonekana kwa wingi zaidi. Kumvua papa mkubwa hakukuwa kazi ya mtu mmoja mwenye mshipi ufukoni: kulihitaji chombo kinachoweza kukaa nje ya mwamba, chusa au ndoana nene, na baadaye jarife, ambalo ni wavu wa macho makubwa unaotegwa na kuachwa baharini usiku kucha. Uvuvi wa namna hiyo ni ishara ya jamii iliyokwisha kuizoea bahari kuu, na si ajabu kwamba unajitokeza katika zama zile zile ambazo miji ya mawe ilianza kustawi.

Nyama ya papa ina tabia iliyoamua historia yake yote. Ili mwili wake ulingane na chumvi ya bahari, papa hujiwekea yurea nyingi katika damu na minofu, na mara anapokufa bakteria huigeuza yurea hiyo kuwa amonia, ambayo ndiyo harufu kali inayomtoa mgeni machozi. Papa aliyeachwa bila kushughulikiwa katika joto la pwani huharibika kabla ya samaki wengine wengi, ilhali aliyepasuliwa mapema, akatolewa damu na matumbo, akachanjwa minofu, akatiwa chumvi na kuanikwa juani, hudumu kwa miezi. Samaki aliyetengenezwa hivyo huitwa papa mkavu, na sehemu nyingi za pwani huitwa pia ng'onda, jina linalotumika kwa samaki wengine waliopasuliwa na kukaushwa. Kazi hiyo ilifaa sana maisha ya dago, yaani kambi ya muda ambayo wavuvi, hasa wale wa Kojani na sehemu nyingine za Pemba, huipiga ufukoni mbali na kwao kwa wiki au miezi kadhaa kufuata samaki. Palipokuwa hapana soko wala barafu, chumvi na jua vilitosha.

Hata hivyo papa aliyevuliwa na Waswahili wenyewe hakutosheleza mahitaji, na hapo ndipo Arabuni inapoingia. Ibn Battuta, ambaye katika karne ya 14 alifika Mogadishu, Mombasa na Kilwa, alipokuwa akirudi kaskazini alipita Hasik katika pwani ya kusini ya Oman, akawakuta watu ambao riziki yao yote ilikuwa samaki aitwaye lukham, anayefanana na papa, ambaye walimpasua, wakamkata vipande na kumkausha juani ili wamle. Akaongeza kwamba hata nyumba zao zilijengwa kwa mifupa ya samaki na kuezekwa kwa ngozi za ngamia. Pwani hizo za Oman na Hadhramaut ni kame, hazina nafaka wala miti mikubwa, ila zina bahari yenye samaki tele kwa sababu pepo za kusi huibua maji baridi yenye rutuba kutoka kilindini. Wakazi wake walikuwa na cha kuuza ambacho Unguja ilikitaka, na Afrika Mashariki ilikuwa na boriti za mikoko, mtama, na baadaye karafuu, ambazo wao walizihitaji. Majahazi yaliteremka kwa kaskazi, kati ya Desemba na Machi, yakiwa na tende, chumvi na papa mkavu, na kurejea kusi ilipoanza kuvuma mnamo Aprili. Mpango huo uliendelea hadi karne ya 20: Alan Villiers, baharia wa Australia aliyesafiri kwa chombo cha Kuwait mwaka 1938 na 1939, aliufuata mkondo huo huo kutoka Aden na Hadhramaut hadi Unguja, na kutoka hapo hadi delta ya Rufiji, ambako mabaharia walikata na kupakia boriti.

Katika karne ya 19, Unguja ilipogeuka nchi ya mashamba ya karafuu chini ya masultani wa Busaidi, papa mkavu alipata walaji wapya. Mtumwa aliyefanya kazi shambani, na baada ya utumwa kupigwa marufuku mwaka 1897 mchumaji wa karafuu aliyelipwa kwa pishi, alijishibisha kwa muhogo, na kitoweo kilichokuwa rahisi kupatikana mbali na ufuko, kisichooza njiani na chenye chumvi ndani yake, kilikuwa ni papa. Kwa upande wa dini hapakuwa na kizuizi: ingawa wanazuoni wa madhehebu ya Shafii walijadili kama meno ya papa yanamtia katika hukumu ya wanyama wakali wasioliwa, kauli iliyoshika nguvu ni kwamba ni halali, na kwa kuwa kiumbe wa baharini hahitaji kuchinjwa, mnunuzi wa Unguja hakuwa na haja ya kuuliza ni nani aliyemuua samaki huyo Hadhramaut miezi mitatu nyuma. Wazungu walioishi mjini walilalamikia harufu. Malalamiko yao yamechangia kumfanya papa aonekane katika maandishi kama kero ya afya zaidi kuliko kama chakula, na mwanahistoria anayezitegemea nyaraka hizo peke yake hujikuta akijua mengi kuhusu pua za maofisa na machache kuhusu vyungu vya wakazi.

Vyungu hivyo vina elimu yake. Papa mkavu hawezi kupikwa moja kwa moja. Huoshwa, hulowekwa kwa saa kadhaa au usiku kucha, kisha huchemshwa, na maji ya kwanza humwagwa kwa kuwa yamebeba chumvi ya ziada na sehemu kubwa ya amonia. Ngozi yake, iliyojaa vigamba vidogo vinavyokwaruza, hubanduliwa akiwa bado na moto, na nyama huchambuliwa nyuzi nyuzi huku gegedu likitupwa. Baada ya hapo mapishi hutofautiana kwa nyumba, lakini msingi wake katika Unguja, Pemba na Mombasa ni mmoja: kitunguu hukaangwa, hufuatwa na nyanya, kitunguu saumu, bizari na pilipili, nyama hutiwa na kuvurugwa, tui jepesi humiminwa kwanza na kasimele, yaani tui zito la mkamuo wa kwanza, hutiwa mwishoni kwa moto mdogo ili lisikatike. Ukali wa ndimu, ukwaju au embe bichi si pambo, kwani asidi huipunguza makali ile harufu iliyosalia, na hilo mpishi alilijua bila kuambiwa na mwanakemia. Mchuzi huo huliwa kwa wali, kwa muhogo wa kuchemsha, au kwa bada, ambayo ni ugali wa unga wa muhogo. Chakula kilichoanza kama riziki ya shamba kilipanda polepole hadi mezani kwa wenye nacho, na leo wapo Waunguja wa kila tabaka wanaokitamani hasa kwa sababu kinanukia nyumbani.

Safari hiyo ya ladha ilikuwa ya pande mbili. Nchini Oman papa mkavu huitwa awal na hupikwa katika miji ya pwani hadi leo, wakati katika Falme za Kiarabu papa mdogo asiyekaushwa huchemshwa, huchambuliwa na kukaangwa kwa kitunguu, bizari na ndimu kavu, chakula kiitwacho jashid. Familia zilizohamia Muscat kutoka Unguja baada ya Mapinduzi ya 1964 zilifika katika nchi ambayo papa aliyeliwa utotoni mwao alikuwa ametokea huko huko, ila wao walimzoea ndani ya tui la nazi.

Matumizi ya pili, yaliyo muhimu kuliko yote kwa biashara ya masafa, yalikuwa ni ya sifa, yaani mafuta ya ini la papa. Ini hilo ni kubwa mno kwa kadiri ya mwili, kwa sababu papa hana kibofu cha hewa na hutegemea mafuta kumsaidia kuelea. Maini yalikatwakatwa na kuachwa yayeyuke juani ndani ya chombo, au yalichemshwa katika sufuria kubwa, kisha mafuta yalienguliwa na kuhifadhiwa mitungini, na baadaye katika madebe. Mbao za chombo zikikaa juani bila kupakwa hukauka, hupasuka na kuachana katika maungio; sifa hupenya ndani yake na kuzizuia kunywa maji. Kwa sehemu iliyozama majini fundi alitumia deheni, mchanganyiko wa chokaa na mafuta ya wanyama, ili kuzuia wadudu watobozi wa baharini, baada ya chombo kupandishwa pwani wakati wa bamvua, kukwanguliwa makome na kuunguzwa kwa makuti yanayowaka. Desturi ya kupaka mafuta ya viumbe vya bahari ni ya zamani kuliko majahazi ya misumari. Abu Zayd wa Siraf, katika karne ya 10, alieleza jinsi mafuta ya nyangumi yalivyochanganywa na vitu vingine kuziba maungio ya vyombo vya kushonwa, na Marco Polo, aliyepita Hormuz katika karne ya 13, alishangaa kwamba vyombo vya huko havikupakwa lami bali mafuta ya samaki. Mtepe wa Lamu, uliounganishwa kwa kamba za makumbi bila msumari hata mmoja, ulikuwa wa ukoo huo huo.

Viungo vilivyosalia vilikuwa na kazi ndogo. Ngozi kavu, kwa vile hukwaruza, iliwafaa maseremala wa nchi nyingi kulainishia mbao, na mapezi, ambayo mpishi wa pwani hakuyathamini, yaliuzwa kwa wafanyabiashara walioyapeleka Uchina, ambako hutengenezwa supu.

Papa aliingia pia katika ngano. Edward Steere alipochapisha hadithi za Unguja mwaka 1870, alijumuisha ile ya kima aliyekuwa akimrushia papa matunda ya mkuyu, hadi papa akamchukua mgongoni kumpeleka kwao, ambako sultani mgonjwa alihitaji moyo wa kima, naye kima akaokoka kwa kudai kuwa moyo wake ameuacha mtini. Hadithi hii imetoka India, ambako adui ni mamba, na katika Kalila wa Dimna ya Kiarabu ni kobe. Ni katika pwani ya Uswahilini ndipo adui huyo alipogeuka kuwa papa, jambo linaloeleweka kwa watu ambao kiumbe huyo alikuwa jirani yao wa kila siku.

Karne ya 20 iliivunja kwa hatua mizani ya matumizi haya ya papa. Vita vya Pili vya Dunia vilipokata mafuta ya samaki kutoka Norway, ini la papa lilitafutwa duniani kote kwa ajili ya vitamini A, lakini vitamini hiyo ilipoanza kutengenezwa viwandani kwa kemikali mwaka 1947, soko hilo lilififia. Injini na rangi za madukani zilipunguza haja ya sifa, na utajiri wa mafuta ya petroli katika Ghuba ulimaliza safari nyingi za majahazi. Bei ya mapezi, kinyume chake, ilipanda pamoja na utajiri wa Asia ya Mashariki, na sehemu ambayo zamani haikuwa na thamani jikoni ndiyo iliyoanza kuamua ni papa wangapi wavuliwe. Papa upanga, ambaye kisayansi ni ndugu wa taa, amekuwa adimu sana katika maji ya Afrika Mashariki, na biashara yake ya kimataifa ilidhibitiwa mwaka 2007 chini ya mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya viumbe vilivyo hatarini. Papa potwe, ambaye huonekana kisiwani Mafia karibu na Kilindoni kati ya Oktoba na Februari, alikwisha kuorodheshwa mwaka 2002, pingusi watatu mwaka 2013, na kundi kubwa la papa wa kawaida wa sokoni mwaka 2022. Mkataba huo unahusu bidhaa inayovuka mpaka, wala haumgusi moja kwa moja anayenunua kipande kimoja katika soko la Darajani, Unguja, kwa ajili ya mchuzi wa jioni. Lakini vipande vyenyewe vimekuwa vidogo, kwani papa wengi huvuliwa wakiwa wachanga, na wapishi wengi sasa hutumia taa mkavu, aliyekaushwa na kulowekwa kwa utaratibu ule ule.